Kaseti ya kichaa cha mbwa imesoma hasi na mbwa ameshakufa: mtoto aendelee na sindano?

Mwalimu_wa_Kata (Ijumaa, saa 1:10 usiku)

Habari za jioni, wakuu. Naomba msaada wenu kabla ya Jumapili, kwa sababu nyumbani kwetu pamezuka mabishano ambayo mimi peke yangu siyawezi.

Jumapili iliyopita mpwa wangu, mtoto wa miaka minane, aling'atwa kwenye kigimbi na mbwa wa jirani hapa kwetu wilayani Bunda, mkoa wa Mara. Mbwa huyo alikuwa akitembea kwa kuyumba, taya la chini limelegea, mate yanachuruzika, na hakuna aliyemchokoza wala kumpiga. Tuliosha jeraha kwa sabuni, mtoto akachomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo na ya pili Jumatano. Jumanne jioni mbwa alikufa, mwenyewe akamzika chini ya mwarobaini. Jumatano asubuhi afisa mifugo alikuja na pikipiki, akamfukua, akachukua kipande cha ubongo, akakikoroga kwenye kichupa chenye maji ya dawa, kisha akadondosha matone kwenye kaseti ya plastiki inayofanana kabisa na ile ya malaria. Aliiweka juu ya kiti cha pikipiki, nasi tukaizunguka kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Baada ya robo saa mstari ulikuwa umetokea kwenye herufi C peke yake, na kwenye T hapakuwa na kitu. Akasema: hasi.

Tangu saa ile mwenye mbwa anatangaza kijiji kizima kwamba mbwa wake alilishwa sumu, na amekataa kuchangia sindano zilizobaki ilhali alikwisha kukubali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kipimo hiki kinaaminika kiasi gani? Na mtoto aendelee au aache?

Daktari_Kwato (Ijumaa, saa 1:34 usiku)

Aendelee. Nimetanguliza jibu ili asiye na muda asilazimike kusoma yanayofuata.

Kaseti hiyo hutafuta protini ya kirusi ndani ya ubongo. Ikitoa mistari miwili mimi huiamini, kwa kuwa ni mara chache sana huonyesha ugonjwa usiokuwapo. Ikitoa mmoja, imesema tu kwamba haikuona kirusi katika matone yale, na hilo ni tofauti kabisa na kusema kwamba mbwa hakuwa nacho. Miongozo ya kimataifa inaruhusu chanjo isimamishwe pale maabara inapothibitisha kwa kipimo kinachotambuliwa kwamba mnyama hakuwa na ugonjwa, au pale mnyama aliyeng'ata anapokuwa hai na mzima baada ya siku kumi. Mbwa wenu hakumaliza hata siku tatu. Taya lililolegea na mwendo wa kuyumba ni picha ya kichaa cha kimya, ile aina ambayo mnyama hupooza badala ya kukimbiza watu, na wengi huidharau kwa sababu wanamtazamia mbwa mkali anayebweka ovyo.

Bibi_Ukunga (Ijumaa, saa 1:41 usiku)

Daktari, na kuogopa maji je? Sisi tulifundishwa kwamba mbwa mwenye kichaa ukimsogezea maji hukimbia. Mwalimu hajasema kama huyu aliogopa.

Daktari_Kwato (Ijumaa, saa 1:50 usiku)

Mama, kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kukaa kwenye beseni akijaribu kunywa, maji yakamtoka kwa sababu koo limepooza, na wapo wanaovuka mito. Kipimo cha beseni tukiache, kimeshawapoteza watu.

Nirekebishe pia kauli yangu mwenyewe hapo juu kabla sijarekebishwa na wengine: nimesema siku kumi kwa "mnyama aliyeng'ata". Kanuni hiyo ni ya mbwa na paka wa kufugwa. Usimfungie mbweha wala fisi kwenye kizimba ukamhesabia siku kumi.

Fisi_Mstaafu (Ijumaa, saa 1:58 usiku)

Nashukuru kwa kuondolewa kizimbani.

Tabibu_wa_Zamu (Ijumaa, saa 2:15 usiku)

Naunga mkono Daktari, na ninaongeza upande wa binadamu. Ratiba hutegemea njia ya kuchoma. Chanjo ikichomwa kwenye msuli, ni siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Ikichomwa ndani ya ngozi kwa utaratibu uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, ni sehemu mbili za mwili siku ya 0, ya 3 na ya 7, basi. Uliza kituoni mtoto yuko kwenye ratiba ipi, kwa sababu huenda sindano ya Jumapili ndiyo ya mwisho na mabishano yenu na jirani ni ya kiasi kidogo kuliko mnavyodhani. Uliza pia kama jeraha lilitoka damu na kama alipewa kingamwili, yaani kinga iliyo tayari, za kuzungushia jeraha, ingawa najua dawa hiyo ni adimu kuliko mvua ya Agosti.

Nina sababu ya kuwa mkali kwenye jambo hili. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho sitakitaja, chanjo iliisha kwa wiki kadhaa, na mzazi mmoja akaniletea karatasi ya kipimo cha mbwa kilichosoma hasi akiniomba nimwambie kwamba si lazima asafiri hadi mjini kuitafuta. Alitamani nimruhusu, na mimi, kwa uchovu wa usiku ule, nilitamani kumruhusu. Tangu siku hiyo nimejua kwamba jibu hasi huwa na wateja wengi pale dawa inapokosekana.

Wakili_wa_Mbwa (Ijumaa, saa 2:31 usiku)

Naona jirani amehukumiwa bila kusikilizwa. Kama jibu hasi haliaminiki, kwa nini serikali inawapa maafisa kaseti hizo? Ingekuwa chanya mngelishangilia. Mbwa hufa kwa mambo mengi: distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, huleta kuyumba na mate, dawa ya kuogeshea ng'ombe huleta mate na mtetemeko, na mfupa uliokwama kooni hulegeza taya. Mtu akisema mbwa wake alilishwa sumu, anaweza kuwa anasema kweli.

Fundi_Darubini (Ijumaa, saa 3:05 usiku)

Swali la Wakili ni la haki na linastahili jibu refu. Nimefanya kazi ya maabara ya mifugo kwa miaka mingi, na nimeshika aina zote tatu za vipimo ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ndicho kipimo cha rejea. Unagandamiza ubongo kwenye kioo, unaulowesha katika asetoni, unaumwagia kingamwili zilizofungwa rangi ya kung'aa, kisha unaangalia kwa darubini maalumu ndani ya chumba cha giza. Penye kirusi utaona vumbi la kijani linalowaka kama vimulimuli. Ni kipimo kizuri sana, lakini darubini yake ni ghali, taa yake ina umri wa saa za kuhesabika, na umeme ukikatika umekwisha.

Cha pili kinaitwa dRIT, nacho kilibuniwa katika kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kule Atlanta kwa ajili ya mahali kama kwetu. Sampuli inatiwa fomalini dakika kumi, inapitishwa kwenye kingamwili na rangi, na kwa muda wa saa moja hivi unapata jibu kwa darubini ya kawaida, hiihii ya kuangalia malaria. Kirusi huonekana chekundu juu ya uwanja wa bluu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya kukijaribu kwa ubongo wa wanyama kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ukiwemo uliohifadhiwa kwenye gliserini, na majibu yake yalilingana kabisa na ya kipimo cha rejea. Kwa hiyo, Mwalimu, upande wenu wa nchi una nafasi katika historia ya kipimo hiki.

Cha tatu ndiyo kaseti. Haihitaji darubini, umeme wala barafu, na ndiyo maana inapendwa. Tatizo ni kwamba kaseti si kitu kimoja. Mwaka 2016 maabara ya Ujerumani ilichapisha ulinganisho wa aina sita zilizokuwa sokoni, na hakuna hata moja iliyowaridhisha, huku tofauti baina ya aina na aina ikiwa kubwa mno. Mwaka huohuo watafiti waliofanya kazi Chad walichapisha matokeo mazuri ya aina moja, ila walikuwa wamebadilisha hatua moja katika maelekezo ya mtengenezaji. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linatambua kipimo cha kung'aa, dRIT na vipimo vya vinasaba kuwa vya kuthibitishia ugonjwa. Kaseti haijafika hapo.

Kwa nini basi inagawiwa? Kwa sababu ikisoma chanya kijijini saa nne asubuhi, saa sita unaanza kuwatafuta watu wote walioguswa na mbwa yule. Ukisubiri maabara ya mkoa mwingine, utapata jibu wakati majirani wamekwisha kusahau ni nani aling'atwa.

Kijana_wa_Manyoni (Ijumaa, saa 3:12 usiku)

Samahani kwa swali la kijinga. Kwa nini wasipime mate, au damu, wakati mbwa yuko hai? Hii ya kufukua na kupasua vichwa inatisha.

Fundi_Darubini (Ijumaa, saa 3:26 usiku)

Si la kijinga, kwani kila semina huulizwa. Kirusi hakisafiri kwa damu. Kinaingia kwenye neva mahali pa jeraha, kinapanda polepole hadi kwenye ubongo, kinazaliana huko, kisha kinashuka kwenye tezi za mate. Damu haina cha kukuonyesha, na kingamwili huchelewa kutokea hadi mnyama yuko mahututi. Mate yanakuwa nacho leo, kesho yanakuwa hayana. Ukipima mate ukapata hasi, umejipa usingizi wa bure. Ubongo ndio mahali pekee ambapo kimejaa na hakikwepeki.

Ngamia_wa_Makueni (Ijumaa, saa 3:48 usiku)

Hamjambo kutoka Kenya. Fundi amegusa penyewe aliposema kuhusu Chad. Hapa Makueni, ambayo ni mojawapo ya kaunti zilizotangulia katika mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huu, nilimsaidia daktari wa mifugo kupima mbwa aliyeng'ata watu wawili. Kaseti ya kwanza tulifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno: koroga kwenye kichupa, kisha chukua kidogo uzimue mara kumi kwenye maji mengine, ndipo udondoshe. Hasi. Daktari hakuridhika. Akachukua kaseti ya pili, akadondosha moja kwa moja kutoka kichupa cha kwanza bila kuzimua. Mstari wa T ukatokea, mwembamba kama uzi wa buibui, lakini ulikuwepo. Kichwa kilipelekwa maabara ya mifugo ya Kabete na jibu likarudi chanya.

Kwa hiyo dau langu ni kwamba afisa alizimua kupita kiasi.

Daktari_Kwato (Ijumaa, saa 4:02 usiku)

Inawezekana, Ngamia, lakini Mwalimu ameeleza kichupa kimoja tu, hakuna cha pili. Mimi nashuku kuoza. Mbwa alikufa jioni, akalala ardhini usiku kucha, na kwa joto la ukanda wa ziwa ubongo huwa kama uji. Protini huvunjika na kaseti haina cha kushika.

Fundi_Darubini (Ijumaa, saa 4:10 usiku)

Usiku mmoja ndani ya shimo? Naona ni mapema mno, Daktari. Udongo chini ya mti ni wa baridi kuliko meza yangu ya maabara. Nimewahi kupokea vichwa vilivyosafiri siku mbili kwenye buti la basi na bado vikatoa jibu, ingawa dereva hakunisamehe. Kabla ya kulaumu kuoza, naomba Mwalimu atuambie ubongo ulichukuliwa sehemu gani na kwa njia gani.

Mwalimu_wa_Kata (Jumamosi, saa 12:40 asubuhi)

Nashukuru nyote. Nimempigia afisa alfajiri hii, naye amekuwa muungwana wa kunieleza bila kukasirika. Hakuzimua. Kaseti ilikuwa haijapitisha tarehe. Ila amekiri mambo mawili. La kwanza, alipasua fuvu juu, katikati ya masikio, akachota kwa kijiti cha pamba sehemu ya mbele iliyokuwa karibu. La pili, boksi la kaseti limekaa ndani ya kisanduku cha nyuma cha pikipiki tangu alipokabidhiwa, na hakumbuki ni miezi mingapi.

Kulipasua fuvu alitumia panga la mwenye mbwa.

Bibi_Ukunga (Jumamosi, saa 12:52 asubuhi)

Panga hilo liko wapi sasa?

Mwalimu_wa_Kata (Jumamosi, saa 1:15 asubuhi)

Limerudi jikoni kwake. Nimetuma mtu.

Tabibu_wa_Zamu (Jumamosi, saa 1:20 asubuhi)

Lioshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha liloweshwe kwenye maji yenye jiki na kuanikwa juani. Kirusi hiki kina ganda la mafuta, na sabuni, ukavu na jua hukiua haraka. Hatari kubwa zaidi ilikuwa wakati wenyewe wa kupasua, pale vipande vinaporuka. Waliosimama kuizunguka kazi hiyo waulizwe kama kuna aliyerukiwa machoni, mdomoni au kwenye kidonda, na afisa aulizwe kama yeye mwenyewe amechanjwa kabla, kwa sababu anayefungua vichwa vya mbwa bila chanjo anacheza na moto.

Fundi_Darubini (Jumamosi, saa 1:48 asubuhi)

Sasa tumepata mahali pa kusimama. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo ya kuchukuliwa mwisho. Kirusi kinapopanda kutoka kwenye mguu au bega hupita kwanza kwenye shina la ubongo, pale panapoungana na uti wa mgongo, na ndiyo maana maabara hudai shina hilo, likatwe mzima kutoka upande hadi upande, pamoja na ubongo mdogo wa nyuma. Kuna wakati upande mmoja wa shina huwa na kirusi na wa pili hauna. Aliyechota mbele anaweza kukosa mzigo uliokuwa umbali wa vidole vitatu nyuma.

Na hakuna haja ya panga. Unainamisha kichwa, unakata ngozi na misuli nyuma ya shingo hadi uone tundu ambamo uti wa mgongo huingia kwenye fuvu, kisha unaingiza mrija wa plastiki wa milimita 5 ukiuelekeza kwenye jicho, huku ukiuzungusha. Mrija hupita kwenye shina, kwenye ubongo mdogo, na kuendelea mbele. Ukiutoa na kuubana kwa vidole, ubongo hutoka kama dawa ya meno. Fuvu linabaki zima na hakuna kinachokurukia.

Fisi_Mstaafu (Jumamosi, saa 1:55 asubuhi)

Mrija wa kunywea soda? Fundi, umeniharibia Fanta ya maisha yangu yote.

Fundi_Darubini (Jumamosi, saa 1:57 asubuhi)

Huohuo wa dukani. Nunua pakiti nzima, na isirudi dukani.

Mfugaji_Ikungi (Jumamosi, saa 2:30 asubuhi)

Nimefuatilia uzi kimya tangu jana, sasa nalazimika kusema langu. Miaka michache iliyopita ng'ombe wangu alianza kutoa mate na kulia kwa sauti iliyokwaruza, kama mlango wenye kutu. Hakula. Nilidhani amekabwa na bunzi la mahindi, nikaingiza mkono hadi karibu na kiwiko kutafuta, wala sikupata kitu. Mkono ulikuwa na michubuko ya kukata senyenge. Siku ya nne akaanguka. Mtaalamu alipokuja na kaseti, mistari miwili ilitokea kabla hata hajamaliza kuvua glovu, na ndipo tulipokumbuka mbweha aliyeonekana zizini mwezi uliotangulia.

Nilichomwa chanjo, na bado nipo. Kwa hiyo simdharau Fundi wala kaseti yake, kwani bila kipande kile cha plastiki tungemchinja yule ng'ombe na kugawana nyama.

Wakili_wa_Mbwa (Jumamosi, saa 2:44 asubuhi)

Ushuhuda mzito, lakini unaunga mkono hoja yangu: pale ugonjwa ulipokuwepo, kaseti ilisema. Na kuna jambo mmelisahau. Jirani anadai mbwa wake alichanjwa kwenye kampeni ya mwaka jana. Je, chanjo haiwezi kuvuruga kipimo?

Daktari_Kwato (Jumamosi, saa 2:58 asubuhi)

Haiwezi. Chanjo ya mbwa tunayotumia ina kirusi kilichouawa, inachomwa chini ya ngozi au kwenye msuli, na haifiki kwenye ubongo. Kadi ya chanjo ya kweli ingepunguza uwezekano wa ugonjwa, hilo nakupa bila ubishi. Aitoe tuione.

Mwalimu_wa_Kata (Jumamosi, saa 3:10 asubuhi)

Kadi anayo. Ina jina la mbwa mwingine. Anasema walibadilisha jina.

Fisi_Mstaafu (Jumamosi, saa 3:40 asubuhi)

Nawaletea maelezo mengine, kwa kuwa mambo ya porini nayajua. Mwaka 2009, eneo la Ikoma kule Serengeti, ambako si mbali na Mwalimu, fungo mmoja alimng'ata mtoto akauawa, na ubongo wake ulipochunguzwa kikapatikana kirusi ambacho ni ndugu wa mbali wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Wakakiita kwa jina la Ikoma. Mwaka huohuo pwani ya Kenya, kwenye pango la Shimoni, kikapatikana kingine kwa popo. Kaseti hizi zimetengenezwa kwa kirusi cha kawaida. Vipi kama mbwa huyu aliupata ugonjwa kwa ndugu hao wa porini?

Fundi_Darubini (Jumamosi, saa 4:05 asubuhi)

Habari ya Ikoma ni sahihi na nafurahi umeileta, lakini hapa umeruka mto mpana. Kirusi kile kilipatikana kwa fungo mmoja. Mbwa wa Afrika Mashariki wanaambukizana kirusi cha kawaida kila mwaka, kijiji kwa kijiji. Ukisikia kwato nje ya boma, anza na punda kabla ya pundamilia.

Mkaazi_Wete (Jumamosi, saa 5:20 asubuhi)

Assalaam alaikum. Nawaandikia kutoka Pemba, na nataka kumjibu Wakili kuhusu faida ya kupima. Kisiwani kwetu ugonjwa huu ulikwisha kuondoka mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kisha mwaka 2016 ukarudi. Watu waliposikia mbwa wameanza tena, wengine walisema haukuwahi kwisha, ulijificha tu. Sampuli za ubongo zilipopimwa vinasaba, ikajulikana kwamba kirusi kiliingizwa upya kutoka nje ya kisiwa, kikafuatwa mbwa kwa mbwa, na mwaka 2018 kikamalizwa tena. Kisiwa kinachosema hakina kichaa lazima kiendelee kukitafuta, vinginevyo kimya chake hakina maana yoyote.

Kijana_wa_Manyoni (Jumamosi, saa 5:31 asubuhi)

Nimesoma kwamba Tanzania hufa watu 1,500 kila mwaka. Mbona hospitali hazina majina hayo?

Tabibu_wa_Zamu (Jumamosi, saa 5:50 asubuhi)

Hayo ni makadirio, kama ilivyo ile 59,000 ya dunia nzima. Hayakuhesabiwa vitandani. Wagonjwa wengi hurudishwa nyumbani au hawaletwi kabisa, na baadhi huandikwa malaria ya kichwa. Niliyemwona mimi kwa macho yangu aliletwa na ndugu wakiamini amelogwa, naye alishtuka kwa upepo wa feni. Jina lake halimo kwenye hesabu yoyote ninayoijua.

Ngamia_wa_Makueni (Jumamosi, saa 6:15 mchana)

Turudi kwa mbwa wa Mwalimu. Sasa tuna watuhumiwa watatu: sehemu ya ubongo, joto la kisanduku cha pikipiki, na sumu ya Wakili. Kaseti nyingi huandikwa zihifadhiwe zisizidi nyuzi 30, na kisanduku cheusi juani kinazidi hapo kabla ya saa nne. Naongeza mtuhumiwa wa nne: kirusi kikiwa kingi kupita kiasi kwenye matone, kaseti inaweza kulemewa na mstari wa T ukashindwa kutokea. Ajabu, lakini hutokea.

Daktari_Kwato (Jumamosi, saa 6:22 mchana)

Ngamia, jana ulisema kaseti ilizimuliwa mno, leo unasema haikuzimuliwa vya kutosha.

Ngamia_wa_Makueni (Jumamosi, saa 6:25 mchana)

Jana sikuwa nimekunywa chai. Hata hivyo yote mawili yanawezekana, kwa mbwa tofauti.

Fundi_Darubini (Jumamosi, saa 6:40 mchana)

Mwalimu, mambo mawili ya leo. Kaseti ile isitupwe hata kama imekauka, kwa sababu maabara yenye vifaa vya vinasaba inaweza kutoa mabaki ya kirusi kwenye utepe uliomo ndani yake. Na kama kichwa bado kiko ardhini, afisa akifukue akiwa na glovu, miwani na mrija, achukue shina la ubongo, alitie kwenye kichupa cha gliserini na maji ya chumvi nusu kwa nusu. Asitumie fomalini. Gliserini huvumilia safari bila barafu.

Mwalimu_wa_Kata (Jumatatu, saa 2:05 usiku)

Narudi na taarifa, wakuu. Mtoto amechomwa sindano ya tatu jana. Nimelipa mwenyewe, tutadaiana baadaye. Yuko kwenye ratiba ya msuli, kwa hiyo bado ana moja. Watu wawili waliosimama karibu wakati wa kupasua wameandikishwa, mmoja ni mtoto wa mwenye mbwa, naye ana kidonda kidoleni. Baba yake alipoambiwa aende naye kituoni hakubisha. Alikwenda, ingawa njiani alikuwa bado anasema ni sumu.

Kichwa kilifukuliwa juzi jioni. Mrija ulifanya kazi kama Fundi alivyoeleza, mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza uligonga mfupa ukapinda. Kichupa cha gliserini kikafungwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo likafungwa kwenye boksi, na boksi likaandikwa kilichomo. Kondakta wa basi la kwanza aliposoma maandishi aliliweka chini akapanda basi lake. Wa pili alikubali baada ya afisa kupanda naye hadi Mwanza, boksi likiwa mapajani. Majibu bado.

Wakili_wa_Mbwa (Jumatatu, saa 2:20 usiku)

Na yakirudi hasi huko pia, nani atamwomba jirani radhi?

Daktari_Kwato (Jumatatu, saa 2:28 usiku)

Mimi, hapahapa kwenye uzi huu. Na mtoto atakuwa amechanjwa.

Fundi_Darubini (Jumatatu, saa 2:33 usiku)

Mwalimu, kabla hujalala: soma kwenye mfuko wa alumini namba ya toleo la zile kaseti, kisha umwulize afisa ni nani mwingine wilayani aliyepewa za boksi hilo.